Mzee Kimya na Bendi ya Mataruma

Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha treni za mizigo, na katika miaka yote hiyo alilala kwake siku mbili katika kila siku tisa. Zile saba zilizobaki zilikuwa za reli: kwenda, kulala kwenye nyumba ya kupumzikia madereva, kurudi nusu ya njia, kulala tena. Wenzake kazini walimwita Mzee Kimya hata kabla hajafikia umri wa kuitwa mzee. Msaidizi wake mmoja, aliyekaa naye miaka minne ndani ya kichwa cha treni, alisema kwamba maneno yote aliyoyasikia kutoka kwake yangeenea kwenye kiberiti, na njiti zikapata nafasi yao.

Hakuwa mkali wala hakuwa mtu wa majivuno. Kazi yenyewe ndiyo iliyomfundisha. Mbele yake kulikuwa na kioo, taa za ishara na reli mbili zisizokutana. Chini ya mguu wake kulikuwa na pedali aliyopaswa kuigusa kila kengele ndogo ilipolia, kuonyesha kwamba bado yu macho. Asipoigusa, treni husimama yenyewe. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba kuna siku kengele hiyo ndiyo peke yake iliyomjulia hali. Mkewe alicheka, kisha akaona mumewe hatanii.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na nyuma ya nyumba hiyo, ng'ambo ya uzio wa waya, ilipita reli. Ndiyo sababu walipanga hapo. Treni ya baba ilipokaribia alipiga honi moja ndefu na mbili fupi, nao wote watatu wakatoka mbio hadi kwenye uzio: mama na futi ya kupimia shingoni, binti, na mdogo wake wa kiume. Waliuona mkono wa baba dirishani. Yeye aliwaona kwa sekunde tatu hivi, nne kama mzigo ni mzito. Hivyo ndivyo alivyowaona wanawe wakikua, kidogo kidogo, mara jino limeng'oka, mara limeota.

Akifika nyumbani kwa zile siku mbili, ya kwanza alilala. Ya pili alitengeneza kitasa, akafyeka majani, akawatazama watoto wakimtazama. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu hakuwahi kuifikia.

Kwa hiyo walichobaki nacho watoto ni treni zenyewe. Binti aliweza kufumba macho akasema mabehewa yamejaa au ni matupu, na kama ni yale ya saruji au ya mafuta. Alipindua ndoo akaipiga kwa miiko miwili, kwa mwendo ule ule wa magurudumu yakivuka maungio ya reli. Ndoo ya kwanza ikapasuka. Ya pili nayo. Majirani wakamwita Nyundo, na jina likamganda. Mdogo wake alikuwa mwembamba hata shati likivaliwa naye lilionekana bado limetundikwa. Huyo wakamwita Waya.

Waya alipoingia chuo cha ufundi alipewa gitaa bovu na fundi redio mmoja, akalifufua. Huko huko rafiki yake akamsikilizisha muziki wa panki kwenye simu. Alirudi nyumbani macho yamemtoka, akamwambia dada yake kwamba kuna watu huko duniani wanapiga treni na hawajui kama ni treni: nyimbo fupi, mwendo wa kasi, kelele za chuma, hakuna kubembelezana, na ukishaanza husimami mpaka mwisho wa njia.

Mtaani wengi walijua panki ni mtindo wa nywele. Muuza mkaa wa jirani, aliposikia kwamba kwa fundi cherehani siku hizi kuna panki, alimpeleka mwanawe akanyolewe.

Kilichokosekana kilikuwa gitaa la besi. Waya alimkalia mama yake kooni. Mama alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kushika ala yoyote isipokuwa cherehani. Nyundo akamjibu kwamba mguu wake umekanyaga pedali miaka ishirini bila kukosea mwendo, kilichobaki ni kuuhamishia vidoleni. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na sita, akifanya mazoezi kati ya pindo moja na jingine, na wateja waliokuja kupima sare walingoja. Jina la bendi alilitoa yeye: Mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, yanayobeba uzito wote na hakuna abiria anayeyatazama. Waya aliuliza kwa nini jina hilo. Mama alisema limemjia tu.

Baba alizipata habari hizo kwa kuchelewa, kama alivyozipata habari zote za nyumba yake. Alirudi alasiri moja akakuta mlango wa chumba cha mbele umefungwa, ndani kelele za kutisha, na sauti ya mwanawe ikipaza mambo ya vivuko, taa nyekundu na mabehewa yaliyosahauliwa kwenye njia ya pembeni. Ni mambo yake yale. Alisimama uani na mkoba mkononi, akingoja wimbo uishe ndipo abishe hodi. Ulipoisha ukaanza mwingine. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu. Hakuna aliyemtenga, hawakuwa wamefikiria tu kwamba angependa. Naye hakusema kwamba angependa.

Kisha ikaja asubuhi ya kona ya machimbo. Alikuwa na mabehewa thelathini na mawili ya saruji. Baada ya kona, karibu na machimbo ya kokoto, mtu mwenye shati jeupe alikuwa anatembea katikati ya reli, kaipa treni mgongo, anakwenda zake taratibu. Dereva aliibana honi asiiachie. Akavuta breki ya dharura, magurudumu yakapiga ukelele, lakini treni nzito haisimami kwa kuambiwa. Kifaa cha kurekodi kilisema ilichukua sekunde arobaini na moja. Yeye angesema ni saa nzima. Yule mtu hakugeuka, hata kichwa hakukigeuza.

Uchunguzi ulisema dereva hana kosa. Karatasi iliandika "mtu mzima, mwanamume," basi. Akapewa mapumziko ya siku tano, na kwa mara ya kwanza akaifikia siku ya tatu nyumbani kwake. Mkewe alipomuuliza kulikoni, alisema ni likizo aliyokuwa anadai. Ng'ambo ya ukuta wanawe walikuwa wakiimba treni. Aliona kwamba kuwaambia ni kama kuwatemea kwenye sahani. Akameza. Alidhani jambo likimezwa hushuka lenyewe.

Aliporudi kazini aligundua kwamba mkono wake haukubali tena honi pasipo lazima. Kwenye vivuko aliipiga, maana ni sheria, akiwa amekaza meno. Lakini nyuma ya nyumba yake hapakuwa na kivuko. Alipita kimya.

Watoto walikuwa watu wazima tayari, Nyundo akifanya kazi kiwanda cha sabuni, lakini mazoea yana taabu: aliyekuwepo nyumbani bado alitoka kwenda uzioni. Siku ile mama alitoka amechelewa, akaona behewa la mwisho likipotea. Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Wakaambiana labda kuna dereva mwingine. Mama akaisoma ratiba iliyobandikwa kando ya mlango wa jikoni: zamu ilikuwa ya mumewe. Hakuna aliyemuuliza. Mtu anayekuja siku mbili, humuulizi la kumkera. Unamwekea chakula, unampasia nguo, unamsindikiza. Miaka minne ikapita hivyo, hadi alipostaafu. Wenzake wakampa saa ya ukutani, akarudi nyumbani kwa siku zote.

Hapo ndipo upweke ulipomshika kwelikweli. Njiani upweke ni sehemu ya kazi. Nyumbani hauna kisingizio. Hakujua chumvi inawekwa wapi. Mkewe na wanawe walikuwa na mizaha iliyoanza miaka ya nyuma yeye akiwa njiani, neno moja likitajwa wote watatu wanavunjika mbavu, naye anatabasamu nusu, kama mtu aliyeingia kwenye hadithi ikiwa imefika katikati. Asimame wapi jikoni asiwe njiani mwa mtu? Siku za mazoezi alikaa chumba cha pili. Ukuta ulitetemeka hadi vikombe vikasogea kabatini, naye akavirudisha kimoja kimoja. Alijitafutia kazi: kukunja nyaya, kubeba ngoma kubwa. Waya alimshukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru mpagazi.

Jumamosi moja, alasiri, Mataruma walialikwa kupiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Mkewe alimtolea shati la kola, akamwambia safari hii hakuna kukaa chumba cha pili. Walikuja watu kama sitini, vijana wengi, na wastaafu wachache waliokuja kwa ajili yake. Alikaa safu ya nyuma. Nyimbo tano za kwanza zilimpendeza. Alimwona mkewe jukwaani, miwani ya kushonea puani, akikung'uta besi kana kwamba anapiga marinda ya pazia, na akagundua mguu wake mwenyewe unagusagusa sakafu.

Wa sita, Waya alisema kwenye kipaza sauti kwamba huu ni wa mtu mmoja, na kwamba unaitwa "Bila Honi." Akapaza:

Umepita, umepita,
uzio unatujua kuliko wewe.
Mikono tuliinyosha,
upepo ukaipokea.

Mzee Kimya alisikia kila neno. Kisha Waya akaburuta kipande cha chuma kwenye nyuzi, na gitaa likapiga ukelele wa breki za dharura. Walikuwa wameichagua sauti hiyo kwa kuipenda tu. Kwao ilikuwa sauti ya treni kama nyingine. Mzee alisimama. Mbele yake hakuona tena jukwaa, aliona shati jeupe. Akapita katikati ya watu, akaangusha kiti, akatoka.

Walimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa kwenye kreti la soda, jua linampiga usoni na hasogei. Nyundo ndiye aliyefika wa kwanza, vijiti vya ngoma bado mkononi. Alidhani wimbo umemuudhi, akaanza kuomba radhi. Katikati ya kuomba radhi, yeye mwenyewe akapandwa na hasira.

"Baba, tulikukosea nini?" aliuliza. "Si ungetuambia tu. Kwa nini uliacha kutupigia honi?"

Mama na Waya walikuwa wameshafika mlangoni. Mzee aliitazama mikono yake.

"Niligonga mtu," alisema. "Akafa."

Nyundo akakaa chini, kwenye saruji. Baba yake akaeleza kwa sentensi fupi fupi, kama anayetoa taarifa kwa mkuu wa stesheni: kona, shati, breki, sekunde arobaini na moja. Alipofika kwenye honi akaufumba mkono.

"Niliibana mpaka mkono ukafa ganzi. Hakugeuka. Alinisikia, akaamua asigeuke. Tangu siku ile nikiigusa tu, naiona shingo yake."

Waya alikuwa analia waziwazi. Mama yake hakulia. Alikaa kando ya mumewe, nusu ya kreti, akasema polepole, "Miaka minne tumelala watatu kitanda kimoja, na mimi sikujua."

Wiki ile Waya alitaka kuufuta wimbo kabisa. Nyundo aliuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: yule mtu alikuwa nani? Baba yake hakujua. Nyundo akaomba ruhusa kazini, akakata tiketi mbili za treni ya abiria, akamwambia baba yake avae. Njia nzima mzee alikaa ameshika magoti. Walipoikata kona ya machimbo alifumba macho, na binti yake akamshika mkono kama anamvusha barabara.

Machimboni, karani wa mizani ya malori alikumbuka. Aliwaelekeza kwa dada wa marehemu, mama wa makamo aliyefua na kupiga pasi nguo za wafanyakazi, nyumba yenye kamba nyingi uani. Nyundo alieleza wao ni nani. Yule mama aliiweka pasi pembeni, akamtazama mzee kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na viti viwili.

Alisema mwaka wa kwanza alimngoja dereva. Alijua tu kwamba atakuja. Mwaka wa pili akaacha kungoja.

Kisha akawasimulia habari za ndugu yake. Alikuwa seremala, mcheshi kwa ishara za mikono, na tangu homa ya utotoni hakusikia kitu, si radi, si kengele. Kila asubuhi alipita relini kwenda kazini, maana ndiyo njia ya mkato, na treni aliitambua kwa nyayo: mtikisiko ulimfikia miguuni mapema, akatoka kando, akaipungia mkono. Watu wote wa pale walimjua hivyo.

"Mimi ndiye niliyemnunulia viatu vipya," alisema. "Vya soli nene, kokoto zisimuumize. Alivivaa siku ile kwa mara ya kwanza. Miaka minne najiambia ni vile viatu."

Mzee Kimya hakuwa amezoea kumfariji mtu. Alikisogeza kiti chake karibu naye.

"Si viatu, dada yangu," alisema. "Nilikuwepo. Nilipotoka konani nilikuwa nimeshamfikia. Hata angekuwa pekupeku."

Yule mama alijibu kwamba maneno hayo ameambiwa na wengi, ila katika hao wote hakuna aliyekuwepo. Akajifuta uso kwa kanga aliyojifunga, akaichukua pasi, akaigusa kwa kidole kilicholoweshwa mate kuona kama imepoa. Ilikuwa imepoa.

Nyumbani, mzee alimweleza mkewe safari nzima, na mkewe alisema baadaye kwamba hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu alipomposa. Lakini mzigo wa namna hiyo hauteremki wote kwenye stesheni moja. Asubuhi kadhaa aliamka na shingo ile bado iko mbele yake, ila sasa alijua kwamba mwenye shingo hakumsikia, na hakujua kama hilo ni faraja au ni jambo jingine.

Na nyumbani upweke ulibadilika sura tu. Sasa walimbeba kama yai. Akiingia jikoni kicheko kinakatika. Nyundo alifunga matambara juu ya ngoma zake, Waya akapunguza sauti ya gitaa hadi likawa kama nzi kwenye chupa, na "Bila Honi" haukuguswa. Vikombe kabatini havikusogea tena. Zamani alikuwa amenyamaza yeye peke yake. Sasa ameinyamazisha nyumba nzima.

Alivumilia mwezi na siku kadhaa. Halafu alasiri moja alisukuma mlango wa chumba cha mbele bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba yake mwenyewe. Wote watatu wakaacha kupiga.

"Mnapiga kama watu wa msibani," alisema. "Yavueni hayo matambara."

Nyundo akayavua. Mzee akauliza ule wimbo mwingine uko wapi. Waya akasema hawezi kuuimba tena, kwamba akikumbuka maneno yake anaona haya.

"Uone haya ya nini? Mlinisubiri, sikupiga. Kuwaambia sababu hakubadilishi kwamba sikupiga." Akaokota tambara moja sakafuni, akalikunja. "Ule wimbo ni wenu, na ni wa kweli. Uimbeni. Ile sauti ya breki tu ndiyo siiwezi. Mkiikaribia nitatoka nje, ikiisha nitarudi. Msinifuate."

Waya alisema wanaweza kuitoa sauti hiyo, si kitu kikubwa. Baba yake akakataa. Treni ikifunga breki hupiga ukelele, alisema, na asiyetaka kuusikia ni yeye, si treni.

Ndivyo wanavyofanya hadi leo. Nyundo amehamishiwa kiwanda cha mbali na huja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Mataruma hawapigi sana, lakini wakipiga mzee yupo, na si safu ya nyuma. Ubeti wa pili wa wimbo wa sita ukikaribia kwisha, husimama, hutengeneza kola, hutoka taratibu bila kuangusha kiti cha mtu. Wageni hudhani anakwenda kuvuta sigara. Nje husimama peke yake ukutani, mgongo kwenye matofali, akiusikia ukelele kwa mgongo zaidi kuliko kwa masikio, mpaka uishe.

Kuna siku hurudi mara moja. Kuna siku huchelewa, wimbo wa saba unaanza na kiti chake bado kitupu. Siku hizo mkewe hupiga besi akiutazama mlango. Haangalii tena nyuzi.